Bwana Mifugo na Mashairi Yasiyofika Mwisho

Bwana Mifugo hakuwa mtu wa kukuacha umalize shairi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Mwamkulu, wakisikia kwamba nilikuwa nakwenda kwake kusoma mashairi, hudhani tulikuwa tunakaa kwa utulivu, chai ipo mezani, mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna kitu kama hicho. Nilikuwa nasoma mstari wa kwanza, wa pili, nikibahatika wa tatu, kisha kidole kinapanda. Hasemi "ngoja", hasemi "samahani". Ni kidole tu, kinene, chenye kucha iliyowahi kugongwa na pembe ikaota kwa upande, kinapanda juu kama cha mwanafunzi anayeomba kwenda nje, nami nanyamaza.

Alikuwa ofisa mifugo wa kata kabla ya kustaafu, na baada ya kustaafu hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina lingine. Mimi nilikuwa mtu mzima kabla sijajua kwamba ana jina.

Nilirudi nyumbani na shahada ya ualimu, somo la Kiswahili, kusubiri ajira. Asubuhi nilikuwa najitolea kufundisha sekondari, jioni nilikuwa nasubiri. Kusubiri ni kazi ninayoiweza. Naweza kusubiri simu moja huku nikiwaza kila kitu kinachoweza kuizuia isije, kuanzia herufi moja ya jina langu kwenye cheti mpaka sura niliyoiweka kwenye picha ya pasipoti. Katikati ya kusubiri huko nilikuwa naandika mashairi, na kata nzima mtu pekee aliyekuwa tayari kuyasikiliza alikuwa yeye. Au tuseme, kuyasikiliza mpaka mstari wa tatu.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Sikutaka sifa. (Haya, nilizitaka, ila nilishakata tamaa nazo.) Nilitaka nifike mwisho wa shairi langu mara moja tu, mbele ya mtu anayejua shairi ni nini, ili nijue kama ninachoandika kinasimama au naharibu karatasi. Kila nilipotoka kwake nilikuwa najiambia kwamba nitaacha, niwe mtu wa kawaida anayesubiri ajira bila vina. Kesho yake jioni nilikuwa tena kwenye benchi lake.

Ukimpa yeye sifa, ole wako. Siku za mwanzo, alipomaliza kunisomea shairi lake, nilisema kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu angesema.

"Zuri sana, Bwana Mifugo."

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Uzuri. Upo mstari gani?"

Nilitafuta kichwani nisione hata neno moja nililolishika. Nikasema, "Lote."

"Lote ni zuri," aliwaambia kuku wake. "Amelimeza lote bila kutafuna, halafu anasema tamu."

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza kama alikuwa amenitukana au amenifundisha, na kama amenifundisha, kwa nini ilionekana sawasawa na kutukanwa. Baada ya hapo nikajizoesha: akisoma, nashika mstari mmoja kwa nguvu, kama mtu anayeshika namba ya foleni, ili akiniuliza niwe nao. Matokeo yake nilikuwa sisikii mistari inayofuata. Nilipomweleza hilo alicheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo maana shairi husomwa tena na tena, wala sikuwa nimegundua jambo jipya.

Kusoma kimoyomoyo alikuchukia. Kwake ilikuwa ni kunusa ugali wa jirani. Shairi lazima lipite mdomoni, na alilipitisha popote: kwenye foleni ya mashine ya kusaga, juu ya pikipiki, na kanisani kabla misa haijaanza, mpaka katekista akawa anamgeukia. Kwenye sherehe ya kipaimara ya mtoto wa jirani alipewa nafasi ya salamu fupi. Akasimama na shairi la ugonjwa wa miguu na midomo. Mtoto amevaa shati jeupe, keki ipo mezani, na Bwana Mifugo anaelezea kwa vina jinsi ulimi wa ng'ombe unavyobabuka. MC akasema "tunashukuru, tunashukuru sana mzee wetu," akaongeza muziki. Mzee hakukaa. Alisimama palepale na karatasi yake, akausubiri wimbo wote uishe, watu wakacheza kumzunguka, na muziki ulipozimwa akaendelea kuanzia neno lilelile alipokatizwa.

Mama wa mtoto alinuna wiki nzima. Nilimuuliza Bwana Mifugo kwa nini hakuchagua shairi la Roho Mtakatifu, au la mtoto, au angalau la keki.

"Pale kulikuwa na wafugaji wengi," alisema. "Ningewapata wapi tena wote pamoja, wamekaa?"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yake, na shida yangu naye. Kila alipokuwa anaudhi alikuwa na sababu ambayo huwezi kuipinga papo hapo. Unaipinga ukishafika nyumbani, peke yako, unaosha vyombo.

Mkewe, Bibi, alikuwa na namna yake ya kuishi naye. Mzee akianza kusoma, Bibi anaongeza sauti ya kile anachofanya: anatwanga kwa nguvu zaidi, anaburuza ndoo. "Mimi nililetewa posa na mtu," aliwahi kuniambia, "nikafika hapa nikakuta mashairi yameshatangulia." Nilimuuliza kama hajawahi kuandikiwa hata moja. Akasema aliandikiwa, enzi hizo, na ndani yake alifananishwa na ng'ombe mtamba wa kisasa. "Alidhani ananisifia. Na kweli alikuwa ananisifia, ndiyo kinachouma."

Kuhusu kazi yake ya kuchanja kuna kisa ambacho wafugaji wa huku wanakisimulia mpaka leo, kila mmoja na chumvi yake. Mimi nakisimulia nilivyokisikia kwa baba yangu, ambaye siku hiyo alikuwepo na ng'ombe wetu wachache. Ng'ombe wakichanjwa hupitishwa kwenye njia nyembamba ya miti, mmoja nyuma ya mwenzake, na mchanjaji anasimama pembeni na sindano. Bwana Mifugo alikuwa na mtindo wake: mstari mmoja wa shairi, ng'ombe mmoja. Anatunga hapohapo. Anasema mstari, anachoma, ng'ombe anasogea. Wafugaji waliuzoea. Wengine walisema hata ng'ombe wanatulia, jambo ambalo siliamini.

Shida ilikuwa anapokosa kina. Kina kikigoma, mstari haumaliziki. Mstari usipomalizika, sindano haishuki. Na ng'ombe wanabanana nyuma wanakanyagana, jua linachoma, mzee mzima ameangalia juu midomo inacheza. "Bwana Mifugo, choma!" watu wanapiga kelele. "Mashairi nyumbani!" Naye anaonyesha kidole, kilekile, wasubiri.

Siku ya kisa chenyewe hakukosa kina. Ilikuwa kinyume chake. Alipata mstari aliouona mtamu mno:

*Simama ng'ombe simama, sindano haina chuki.*

Aliusema, akachoma. Ng'ombe alikuwa wa mzee mmoja wa Kisukuma mwenye kundi kubwa kuliko wote, na kabla ng'ombe hajasogea, Bwana Mifugo akausema tena ule mstari, taratibu, kwa raha zake. Mkono, ambao ulishazoea kwamba mstari ni sindano, ukachoma tena.

"Wee! Huyo umeshamchoma!"

"Nimemchoma?"

"Mara mbili! Umerudia mstari wako, na ng'ombe wangu umemrudia!"

Baba anasema Bwana Mifugo hakuomba radhi kwanza. Aliuliza kwanza, "Lakini umeusikia?" Na baba anaapa kwamba yule mzee, fimbo iko juu, alisema, "Nimeusikia. Sasa nilipe ng'ombe akifa." Ng'ombe hakufa. Alivimba shingo, akapona. Mstari nao ukabaki. Hata leo mtu akimfunga maksai wake kamba Mwamkulu utamsikia anausema, na wengine hawajui ulitoka wapi.

Nikikisimulia kisa hiki watu hucheka, nami hucheka nao, kisha nabaki nawaza. Kuna mtu anapata raha kiasi hicho kwenye mstari mmoja mpaka mkono unamsahau ng'ombe. Mimi chuo kizima nilisoma mashairi kama mkaguzi. Dhamira, ujumbe, tamathali, nikaweka alama ya vema, nikafunga kitabu. Ni raha hiyo yake iliyonifanya nivumilie, na ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu alikuwa hagawi.

Nilimwazima kitabu changu cha chuo, mkusanyo wa mashairi, nikamwambia ni cha kufundishia na ninakihitaji. Alikaa nacho msimu mzima wa mpunga, kupanda mpaka kuvuna. Nikikifuata, ananiambia yuko ukurasa fulani. Nikirudi baada ya wiki mbili, bado yuko ukurasa uleule.

"Bwana Mifugo, wanafunzi wana mtihani."

"Jana nimepata mstari humu. Nikausoma, nikafunga kitabu. Ungekuwa wewe ungeendelea?"

"Ndiyo!"

"Ndiyo maana unakonda."

Aliponirudishia hatimaye, nilikuta amesahihisha kwa kalamu nyekundu. Kitabu cha watu, kilichochapishwa! Kila alipoona mizani imezidi, amekata neno akaweka lake. Na sehemu nyingine alikuwa amekosea kuhesabu yeye, mizani ilikuwa sawa kabisa. Nilimwonyesha, tukahesabu wote kwa vidole, mara ya kwanza, mara ya pili. Ikawa sawa. Akasema basi aliyeandika alibahatisha. Ukurasa wa mashairi huru aliuruka wote. Juu yake aliandika: *barua zilizokatwakatwa*.

Alikuwa na sheria, lakini sheria zilikuwa za wengine. Mwaka niliorudi niliandika shairi lenye kiboko anayelia kwa huzuni usiku. Kidole kikapanda.

"Umemsikia lini?"

"Ni taswira, Bwana Mifugo."

"Kiboko yupo Sitalike, si mwendo wa hata nusu siku. Umwache yeye uchukue taswira?"

Jumamosi akanipakia kwenye pikipiki yake, vumbi la barabara lote mdomoni mwangu, tukaenda kuketi juu ya ukingo wa mto mahali ambapo viboko hujazana kwenye tope wakati wa kiangazi. Nilikaa pale nikiwaza mamba, nikiwaza jua, nikiwaza kama mama anajua nilipo. Viboko hawakulia. Walikuwa wanatoa sauti kama wazee wanaocheka kichekesho cha kikao, mmoja anaanza, wenzake wanadakia. Na Bwana Mifugo, aliyenileta nisikilize, alilala kivulini kofia usoni kuanzia tulipofika mpaka tulipoondoka. Wakati wa kurudi alisema neno moja tu: "Futa."

Nikamwambia, kwa hasira ya njaa, kwamba yeye mwenyewe ana shairi refu la bahari na hajawahi kuvuka Tabora.

Alifikiria mpaka tukapita vijiji viwili. Kisha akasema bila kugeuka, "Bahari iko mbali, haiwezi kunishtaki. Kiboko ni jirani."

Jibu la hilo nalitafuta mpaka leo, nikiosha vyombo.

Alikuwa na swali jingine alilonisumbua nalo kuliko yote. Mashairi yangu yalikuwa ya Ujana, Amani, Matumaini, Dunia. Kidole kinapanda. "Ujana wa nani? Anakaa wapi huyo? Anakula nini?" Nikibadilisha, nikaweka mtu, anauliza mtu huyo amekaa kwenye nini. Nikiweka kigoda, anauliza kigoda cha mti gani. Kuna siku nililia. Si mbele yake, nilivumilia mpaka kwenye njia ya mashamba. Nilikuwa nalia huku nikijiuliza kama kulia kwa sababu ya kigoda ni dalili kwamba nimeshachanganyikiwa, na kama waajiri wanaweza kuligundua hilo kwenye usaili.

Kisha nikaitwa usaili. Simu ya kweli, baada ya zote zile za matangazo ya vifurushi na za watu waliokosea namba. Nilitakiwa kwenda Dodoma. Nilipanga safari jinsi ninavyopanga kila kitu: nikakata tiketi, nikakokotoa mwendo wa kufika stendi ya Mpanda, nikajiongezea muda wa pikipiki kupata pancha, na muda mwingine wa pikipiki ya pili kupata pancha. Nikaondoka nyumbani mapema kupita kiasi, nikapitia kwa Bwana Mifugo kuaga, kwa sababu kutoaga kungenisumbua njia nzima.

Mfukoni nilikuwa na shairi. Nilikuwa nimeliandika bila kuwaza, siku mbili kabla, na hilo pekee lilinitia wasiwasi. Niliapa nikiwa njiani: leo akiinua kidole, naliacha hapa kwake na mashairi yote naacha. Nikienda Dodoma naenda na vyeti tu.

Alikuwa ameketi nje, mguu umefungwa bandeji na kunyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ndama alimpiga teke. Bibi alikuwa karibu yake, anachambua maharage.

"Shikamooni."

"Marahaba. Begi la wapi?"

"Dodoma. Nimeitwa usaili."

"Hongera, mama," alisema Bibi, akainuka nusu akanishika mkono. "Mungu akutangulie."

Bwana Mifugo alinitazama, akalitazama begi. "Na shairi?"

Ningeweza kudanganya. "Lipo."

"Soma."

Nikasoma nimesimama, begi begani:

*Simu yangu ikiita, ungo wake husimama,*
*Mchele unajikuta, hewani umeegama,*
*Haulizi, hajateta, hukohoa na kuhema,*
*Ni salamu za kupita, pepeta, pepeta, mama.*

Nilifika mwisho wa ubeti nikasita, nikisubiri. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Nikaendelea na ubeti wa pili, mama akiwa kanisani na mkono juu ya pochi yenye simu yangu, eti nisije nikaikosa. Nikaendelea na wa tatu, siku simu ya kweli ilipoita nami nyumbani nipo peke yangu, ungo umeegeshwa ukutani. Nikafika mstari wa mwisho. Nikausoma. Baada yake hapakuwa na kitu kingine kwenye karatasi, na sikujua mtu aliyefika mwisho hufanya nini na mikono yake.

Bibi alikuwa ameacha maharage. Bwana Mifugo alikuwa anatazama mguu wake.

"Alikuwa wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Mama yako. Simu ilipoita."

"Mashineni."

"Ukamfuata?"

"Nilikimbia."

"Ukamwambiaje?"

"Sikumwambia. Aliniona nakuja nakimbia, akatua debe chini katikati ya njia."

"Hiyo haimo."

"Haimo. Nilishindwa kuiingiza." Nilihisi masikio yanapata moto. "Kila nilipojaribu mizani ilizidi."

"Basi iache huko njiani," alisema. Akavuta pumzi. "Soma tena."

"Bwana Mifugo, nina basi."

"Mwache mtoto, gari litamwacha," Bibi alisema, lakini hakurudi kwenye maharage.

"Soma."

Nikasoma tena, mbiombio, kwa hasira, maneno yanakanyagana kama wale ng'ombe. Katikati ya ubeti wa pili kidole kikapanda. Nilikiona kinapanda. Nikashusha karatasi. "Nini tena sasa? Nini?"

"Inzi," alisema, akimfukuza sikioni. "Unakimbia kwa nini? Nani anakufukuza? Anza juu."

Nilitazama saa kwenye simu. Ule muda wote wa pancha mbili ulikuwa bado upo, wote, sijautumia. Nikashusha begi begani, nikaliweka kwenye benchi, na mimi nikakaa.